Gome la Prunus nililonunua Kadutu: nyota mbili

Baba mdogo anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, ndiyo maana Jumanne nilipanda soko la Kadutu kumtafutia gome la Prunus africana, ule mti wa milimani ambao wengi hapa Bukavu wanauamini kwa ugonjwa wa prostati (tezi dume). Nilielekezwa kwa mama mmoja muuza dawa za kienyeji.

Alinipokea vizuri sana. Alinikalisha, akauliza mgonjwa ana miaka mingapi, akasisitiza apimwe kwanza hospitalini. Tulimpeleka, na kwa hilo namshukuru kwa moyo wote. Fungu lilikuwa franka 5,000. Gome ni lenyewe: nje jeusi lenye mipasuko, ndani jekundu, na ukilivunja linanukia lozi chungu.

Uchungu ulinishika nilipolitandaza mezani nyumbani. Vipande vilikuwa vipana, na nilipovipanga ukingo kwa ukingo vikazunguka kama shina zima. Aliyekata aliuchuna mti pande zote! Mti uliochunwa hivyo hauwezi tena kushusha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Unakauka ukiwa umesimama. Mchunaji anayeujali mti huchagua shina lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, huchukua robo mbili zinazotazamana, huacha mbili, kisha husubiri miaka gome liote upya.

Tangu 1995 mti huu uko katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezwa dawa. Bila kibali halivuki mpaka. Lakini fungu langu limetoka mlimani hadi sokoni tu, nani atalikagua? Na huko juu wapo pia wachoma makala, maana kuni zake ni ngumu na zinawaka vizuri.

Alhamisi nilirudi. Mama akaniambia hununua kwa vijana wanaoshuka kutoka Kabare, miti yenyewe hajawahi kuiona. Alinisikiliza hadi mwisho, akaahidi kuwauliza.

“Na mbegu zake, mama yangu, hazingoji,” akaongeza. “Ukizikausha sana, nyingi hazioti.”

Nimemwagiza mbichi. Nyota zote mbili ni zake yeye. Gome sikulipatia hata moja. Ukienda, mwulize mti ulibaki na nini kabla hujatoa pesa.