Kuku wa nyama au mbuzi, joto likizidi Pemba?

Huku Micheweni, zamani ningesema kuku bila kufikiri: wiki 6 tu unauza. Lakini kuku hatoki jasho. Joto likipita nyuzi 30 huhema mdomo wazi, chakula hakigusi, na siku za maleleji, upepo umekufa, unaweza kuamkia mizoga. Tabianchi inavyobadilika, siku za joto kali zitaongezeka. Feni yataka umeme; maji nayo, bahari ikipanda, visima vya pwani huingia chumvi.

Mbuzi hulistahimili jua, hata kwenye maweni hupata jani. Adui yake mvua: masika yakizidi, minyoo na kwato kuoza. Mimba miezi 5, kwa hiyo pesa huchelewa. Mimi nishachagua mbuzi, banda la kuinua.