Vibarua geti la nyuma

Nilikuwa nimeshaamua kulipa shamba hili la mvinyo nyota moja, na mpaka leo nikikumbuka mkono unaniwasha.

Mwaka juzi, baridi ndiyo imeanza, nilikwenda kumtembelea shemeji yangu Verona, Italia. Akanipeleka kuonja mvinyo kwenye shamba la familia moja huko vilimani Valpolicella. Tumelipia, tumevaa tukapendeza. Dada wa mapokezi akanipandisha akanishusha kwa macho, kisha akamwambia shemeji vibarua wanapitia geti la nyuma. Kibarua, mimi! Shemeji akamwonyesha risiti kwenye simu. Samahani? Wapi! Akatupa tiketi huku kaangalia pembeni.

Kwa hasira zile, glasi ya kwanza ilipita tu. Valpolicella ya kawaida, nyepesi, ina uchachu kidogo. Au labda uchachu ulikuwa wangu. Ripasso, ile inayolazwa tena juu ya makapi ya Amarone, mvinyo wao wa zabibu zilizokaushwa, niliimeza kama dawa. Na yule dada alivyomimina! Wajerumani wa meza ya jirani kajaza, mimi kanidondoshea. Nilipima kwa macho, msinibishie.

Kilichonivuruga hesabu ni dari. Juu ghalani wameanika zabibu za Corvina kwenye trei, safu kwa safu, madirisha wazi upepo upite. Zinakaa miezi mitatu hivi, zinanyauka na kupoteza kama theluthi ya uzito, ndipo zinakamuliwa. Harufu yake, jamani! Huko tulimkuta mzee, kucha zimeingia rangi ya zambarau, anapekua vichala na kuondoa punje zilizoota ukungu. Akanipa moja: ngozi imekunjamana, ndani asali tupu. Kupitia kwa shemeji nikamwambia mimi ni mtoto wa Dodoma, na kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mzee akaacha kazi. Akainua vidole viwili: mbili? Mbili! Akashuka nasi hadi kwenye mapipa, akatumiminia Amarone bila kupima. Nzito, ina cheri iliyokauka na uchungu wa mbali kama kokoa. Kilevi chake hakina utani, kisheria haishuki asilimia 14.

Basi nyota nne. Hapana, tatu, maana wakati wa kutoka yule dada alinidai hela ya glasi aliyonipa mzee, nami kama bwege nikalipa. Mbili. Lakini mvinyo ule...

Ukienda, pitia geti la nyuma. Mzee yuko huko.