Hybrid Theory ya Linkin Park: naipa 9 kwa 10 na sababu ninazo

Kuna watu ukiwatajia rock wanakuambia hizo ni kelele tu, hao nawaomba wakae na hii albam ya Linkin Park, bendi ya rock ya Marekani, mara moja tu, nyimbo 12, haifiki hata dakika 38, afu ndo waongee. Ilitoka Oktoba 2000 na mi ndo albam iliyonikuza, hakuna nyingine inayokaribia.

Kwetu Moshi haikufika kama CD. Braza alikuwa anasoma Nairobi, kule redio zilikuwa zinapiga rock kitambo, akarudi likizo na kanda ya dakika 60 aliyokopiwa na mwenzake. Sasa upande mmoja ni nusu saa tu, kwa hiyo nyimbo tisa zinaingia vizuri afu ya kumi, Forgotten, inaanza kidogo inakatika, inabidi ugeuze kanda. Mpaka leo nikiisikia kwenye simu ikifika pale najikuta nasubiri ule mlio wa redio kujizima, na wimbo ukiendelea naona kama wameongezea kitu. Na Pushing Me Away kwangu mimi sio wimbo wa mwisho wa albam, ni wimbo wa upande B, wa saa za usiku watu wote wamelala na sauti iko chini kabisa. Umeme ukikatika tulikuwa tunatumia betri, zikichoka tunazianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo, na zikiwa zinaelekea kufa sauti ya Chester, mwimbaji wao, inakuwa nzito na ya polepole kama mzee, nayo tuliisikiliza hivyo hivyo.

Wakati huo mtaani Majengo kila redio ni Profesa Jay na Juma Nature, sasa unaweza kujiuliza rock ilipenya wapi. Ilipenya kwa Mike Shinoda. Yule jamaa anachana, tena anachana vizuri, DJ Joe Hahn anakwaruza sahani nyuma, yaani mlango wa kuingilia tulikuwa tunaujua tayari, ukishaingia ndo unakutana na magitaa ya Brad Delson na Chester Bennington akipasua koo. Bila zile mistari za Mike sidhani kama washkaji wangu wangekubali kusikiliza hata wimbo mmoja. Nilikuwa na kaunta buku la mashairi, Bongo Fleva mwanzoni, R&B katikati, na nyuma kabisa Hybrid Theory nzima, naandika mstari nasimamisha kanda narudisha nyuma naandika tena, na Kiingereza changu kikubwa cha sekondari kilitoka pale kuliko kwenye kitabu chochote. Afu haina tusi hata moja! Rock ya miaka ile ilikuwa imejaa matusi, hii hakuna, kwa hiyo nyumbani iliruhusiwa kulia sebuleni hata baba akiwepo.

Mama ndo alinisemea kitu ambacho sijawahi kukisahau. Alikuwa anachambua mchele, Crawling inapiga, akauliza kwa huruma kabisa, "Hivi huyo kijana anayelia hivyo alifanyiwa nini?" Hajui Kiingereza, maneno hakuelewa hata moja. Miaka mingi baadaye ndo nikasoma mahojiano ya Chester akieleza kwamba alinyanyaswa kingono akiwa mtoto, na habari za madawa ya kulevya, na kwamba Crawling inahusu kushindwa kujitawala. Mama alisikia kwenye sauti tu. Sisi wavulana tulilelewa kwa jikaze, mwanaume halii, ukifiwa jikaze, ukifeli jikaze, na hapa kuna mwanaume mzima analia kwa sauti kubwa na hakuna anayemnyamazisha. Nilikuwa nikishindwa kusema kitu naenda kuweka ile kanda, na braza naye hivyo hivyo, hatukuwahi kuongea kuhusu hilo ila kila mmoja alijua mwenzake akiiweka maana yake nini.

Kiufundi: Papercut ni ufunguzi ambao sijasikia wa kuushinda, kila mtu wa bendi anajitambulisha ndani ya dakika tatu. Points of Authority, Brad alipiga gitaa, Mike akaingia nalo kwenye kompyuta akalikatakata na kulipanga upya, mpaka Brad mwenyewe ikabidi ajifunze wimbo wake tena, na ukisikiliza kwa hedfoni nzuri utasikia hizo mkato. In the End kila mtu anaijua kwa kile kinanda, sina la kuongeza. Ninapotoa ile alama moja ni With You, naiona ya kawaida, na pia sauti ya albam nzima imepandishwa juu muda wote, haipumui, kwenye spika ndogo inachosha.

Julai 2017 Chester alipofariki, braza alinipigia simu usiku, hakusema mengi. Wiki ile nzima sikuweza kuisikiliza, nilipoirudia nikakuta haijageuka kuwa ya huzuni kama nilivyoogopa, bado ni albam ya vijana wenye hasira na nguvu, na ninashukuru kwa hilo.

Kuna toleo la miaka 20 lililotoka 2020, lina madudu mengi sana, demo, Reanimation ambayo ni albam yao ya remix, na wimbo She Couldn't ambao ni mzuri kweli na unastahili pesa yako. Ila hilo ni la sisi tuliokwisha zama. Kama ndo unaanza chukua ile ya kawaida, usiruke wimbo, usichanganye nyimbo kwenye simu, na Cure for the Itch iache ipige mpaka iishe kwa sababu ndo inayoisafishia njia Pushing Me Away.