Eighth Grade: Kayla, Simu Yake na Baba Asiyejua Aseme Nini

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Leo tuna Eighth Grade, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2018. Aliyeiandika na kuiongoza ni Bo Burnham, ambaye jina alilipata tangu ujanani kwa video za YouTube alizorekodi chumbani kwao. Mambo haya ameyaishi.

Kayla, msichana mhusika mkuu, yuko wiki ya mwisho ya gredi ya nane. Kila mara anajirekodi akiwashauri wenzake: jiamini, jitokeze. Watazamaji hana. Shuleni nako amepigiwa kura ya mkimya kuliko wote.

Hebu mtazameni kwenye ile sherehe ya bwawani. Kwanza anajifungia msalani, pumzi zinampaa. Kisha anatoka na vazi lake la kuogelea la kijani, mabega kayakunja, mikono hajui aiweke wapi, kamera inamwandama mgongoni. Si kwamba wanamcheka. Hawamwoni! Elsie Fisher, anayemwigiza Kayla, hapo haigizi, wallahi.

Halafu kuna tukio la garini, kijana mkubwa anamletea mchezo mbaya. Kayla anakataa, na ati yeye ndiye anayeomba msamaha. Nilisimamisha filamu kidogo hapo. Kwa hivyo msiiweke sebuleni mkiwa na bibi na wadogo; Marekani kwenyewe ilipewa daraja la R, wa chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Mzazi, itazame wewe kwanza, kisha mwite bintiyo.

Maana wewe ndiye unayehitaji kumwona yule baba yake Kayla, anayeigizwa na Josh Hamilton. Analea peke yake, mezani anaongea, binti yuko na simu. Usiku mmoja mbele ya moto, Kayla anamuuliza kama kuwa na mtoto kama yeye kunamhuzunisha. Baba anababaika, lakini anajibu, tena kirefu. Huku kwetu Mombasa karo tunalipa, madrasa tunapeleka, mazungumzo ni "Umekula? Umesali?" na yakaisha.

Gabe, yule mvulana wa vipande vya kuku na masosi chungu nzima, mtampenda.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa Aiden, mvulana anayemzuzua Kayla: kila akitokea muziki wa Anna Meredith, mtunzi wa muziki wa filamu hii, unanguruma. Mara ya kwanza nilicheka sana, baadaye nikapunguza sauti.