Lua: lugha huria yenye jiko la watu watatu

Nimeitumia Lua, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kutengeneza programu ndogo za kupanga orodha za maneno, na sifa iliyonifanya nibaki nayo ni kujitegemea kwake. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Vizuizi vikali vya biashara vilivyodumu nchini humo kuanzia 1977 hadi 1992 vilikuwa vimeizoesha maabara yao ya Tecgraf, iliyoihudumia kampuni ya mafuta ya Petrobras, kujitengenezea zana badala ya kuagiza za nje. Lugha mojawapo iliyoitangulia iliitwa Sol, yaani jua kwa Kireno. Hii ikaitwa Lua, yaani mwezi.

Mazoea hayo bado yanaonekana. Msimbo wote ni takriban mistari 30,000 ya lugha sanifu ya C, usiodai maktaba ya mtu mwingine yeyote, ndiyo maana hifadhidata ya Redis, Wikipedia na mchezo wa World of Warcraft waliweza kuupachika ndani ya mifumo yao bila kuhamisha nyumba nzima.

Utamaduni wa mradi wenyewe humshangaza mgeni. Leseni ya MIT inamruhusu yeyote kuuchukua msimbo, kuubadili na hata kuuza alichotengeneza, lakini waandishi hawapokei msimbo wa watu wengine: husikiliza kasoro na mapendekezo, kisha huingia jikoni na kupika wenyewe. Wako wanaouona huo kuwa ubahili. Mimi naamini ndio uliozuia lugha isivimbe. Hata hivyo, asiyeridhika huondoka na nakala yake. LuaJIT ya Mike Pall imebaki karibu na toleo la 5.1, jukwaa la michezo la Roblox lina Luau yake, na maktaba iliyoandikiwa tawi moja huenda isikubali katika jingine. Kwa usumbufu huo nimeipunguzia nyota moja kati ya tano.

Nusu nyota nyingine naipunguza kwa ufinyu wa maktaba zake za msingi. Neno ng’ombe, likiandikwa kwa kipopoo kilichopinda, huhesabiwa na alama ya kawaida ya urefu (#) kuwa 9, kwa kuwa alama hiyo huhesabu baiti, yaani vipande vya kuhifadhia data, si herufi, na kipopoo hicho huchukua baiti tatu. Ili upate 7, njia rahisi ni kuita maktaba ya utf8, iliyokuja na toleo la 5.3 mwaka 2015.