Uzoefu wangu: wageni wa kununua, na Search Console ya bure

Wanangu wawili wanasomea nyumbani, hapa Section 58, Nakuru. Karatasi za mazoezi ninazowaandalia nilianza kuziweka kwenye tovuti nikidhani wazazi wenzangu watazikimbilia. Miezi minne nzima walioingia ni mimi na dada yangu wa Eldoret, naye kwa kunihurumia tu.

Nikaona tangazo la jamaa mmoja: wageni 10,000 wa kutembelea tovuti yako, kwa shilingi 3,500. Nikatuma kwa M-Pesa kabla chai haijapoa. Siku ya tatu hesabu ilikuwa inapaa kama kishada. Ila wageni wenyewe walifika saa tisa usiku, kutoka nchi zisizojua Gredi ya 4 ni kitu gani, wakatoka kabla hata ukurasa haujafunguka vizuri. Hakuna aliyepakua karatasi hata moja. Ni roboti. Nilipompigia jamaa akanijibu kwamba aliahidi wageni, hakuahidi watu. Sikuwa na la kusema.

Mwalimu wa kompyuta ninayesali naye ndiye aliyenionyesha Search Console ya Google, chombo cha kumwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyotokea watu wakitafuta Google. Hailipiwi. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako kwa kubandika msimbo mfupi (mimi ilinichukua jioni nzima, na stima ikapotea katikati), unaipa orodha ya kurasa zako, halafu unangoja. Takwimu kamili huchelewa siku mbili tatu, kwa hivyo usiikodolee macho kama maziwa yaliyo jikoni.

Sehemu iliyonifaa ni moja tu: ile ya maneno ambayo watu waliandika Google hadi ukurasa wako ukatokea, umetokea mara ngapi, na wangapi wamebofya. Mimi nilikuwa nimejaza makala kuhusu falsafa ya kumfundisha mtoto nyumbani. Hakuna aliyeyataka. Wazazi walikuwa wanatafuta insha za gredi 6, ngeli na majibu, maswali ya KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi 6. Tena wengine waliuliza kama kusomesha nyumbani ni halali Kenya, tovuti yangu ikatokea, wasibofye. Wangebofya nini, na jibu halikuwepo? Nikaandika ukurasa mmoja bila kupaka rangi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na ndiyo maana jambo hili bado lina mvutano. Huo ndio ukurasa unaosomwa kuliko yote niliyoandika, na wanaoufikia hupita hadi kwenye karatasi.

Search Console usiitarajie ikuletee watu, hiyo si kazi yake. Na inahesabu wanaotoka kwenye utafutaji wa Google pekee. Wanaoletwa na kiungo nilichoweka katika kikundi cha WhatsApp cha akina mama, au na tangazo nililobandika kwa mama wa fotokopi karibu na stendi, huwaoni humo. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana pia hufichwa, ndiyo sababu ukijumlisha safu hufikii jumla iliyo juu. Nilidhani hesabu yangu imepotea.

Wiki iliyopita nilipata mibofyo 61. Mmoja wa waliobofya, mama anayeishi Bahati, aliniandikia akiomba mazoezi ya ngeli ya U-I. Sikuwa nayo. Nimeyamaliza jana usiku, watoto wakiwa wamelala.