Uchambuzi wa CONVERGE: mnyunyizo na mwako wa petroli ndani ya silinda

Watazamaji, karibuni. Leo ninaichambua CONVERGE, programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa hewa na mafuta pamoja na mwako, iliyotengenezwa na Convergent Science, kampuni yenye makao yake Madison, Wisconsin, nchini Marekani. Nitajikita katika injini za petroli ambazo injekta hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda.

Tangu enzi za KIVA, programu ya aina hiyo iliyotoka katika maabara ya Los Alamos mwaka 1985, kazi iliyokula muda mwingi ilikuwa kuandaa gridi, yaani kuigawa nafasi ya ndani ya silinda katika seli ndogo ndogo, kwa sababu pistoni hupanda na kushuka, valvu hufunguka na kufungwa, na gridi haina budi kufuata kila umbo jipya. CONVERGE huitengeneza gridi yenyewe huku hesabu zikiendelea, na hiyo ni nafuu kubwa sana.

Tazameni hesabu hii. Ukianza na seli ya milimita 4 na kuipunguza kwa ngazi tatu, kila ngazi ikikata upana wake nusu, unafika milimita 0.5, lakini kila ngazi huweka seli nane mahali pa moja, hivyo seli moja huzaa 512. Ndiyo maana programu huongeza ngazi hizo pale tu kasi au jotoridi linapobadilika ghafla, kama kwenye ukingo wa mnyunyizo na uso wa moto unaosambaa kutoka kwenye plagi, kisha huziondoa moto ukishapita.

Sasa linganisheni na Spray G, injekta ambayo watafiti wa nchi mbalimbali huitumia kama kipimo cha pamoja. Ina matundu 8, hunyunyiza iso-oktani, kimiminika kinachowakilisha petroli, kwa shinikizo la bar 200, na kila tundu lina kipenyo cha takriban milimita 0.165. Seli yetu ndogo kabisa ni pana kuliko tundu lenyewe! Kwa hiyo kuvunjika kwa matone hakuonekani kwenye gridi. Hukadiriwa kwa modeli ya Kelvin-Helmholtz na Rayleigh-Taylor, yaani fomula za mawimbi yanayokua kwenye uso wa mafuta hadi kuyavunja, yenye vigezo ambavyo mtumiaji huvirekebisha, na ukibadilisha ukubwa wa seli huenda vigezo hivyo visikufae tena. Gridi inayojitengeneza haikuondolei kazi hii, na nawasihi msiiruke.

Upande wa mwako, kikokotozi cha SAGE kilichomo ndani ya CONVERGE hufuata athari za kikemia katika kila seli, kazi inayochukua muda mrefu wa kompyuta.

Msiridhike na mchoro wa shinikizo la silinda pekee, kwa kuwa ni wastani wa silinda nzima na unaweza kulingana na vipimo hata pale mafuta yaliyolowanisha kichwa cha pistoni, chanzo kikubwa cha masizi, yamekadiriwa vibaya. Pimeni kwanza umbali unaofikiwa na mnyunyizo.

Leseni yake ni ya kulipia. Idara isiyo na bajeti hiyo inaweza kutumia OpenFOAM, programu nyingine ya kuiga mtiririko ambayo ni huria, ila gridi ya pistoni na valvu itabidi muihangaikie wenyewe.